Mtani, Wewe Ndiye Uliyetangaza Bawasiri Yangu

Mpendwa mtani wangu Shomari,

Nakuandikia nikiwa nimekaa. Nimekaa kitako, sawasawa, kwenye kiti cha mbao cha jikoni kwetu hapa Hounslow, London, bila mto na bila kuegemea ubavu mmoja. Dirisha liko wazi, ndege zinashuka kama kawaida yao, na mama Neema yuko kwenye sinki anaosha mchicha huku akiimba wimbo wa kwaya ambao sijawahi kumsikia akiumaliza. Wengine humshukuru Mungu kwa nyumba na magari, mimi siku hizi namshukuru kwa kiti. Najua ungenicheka, lakini ungenielewa.

Barua hii wataisoma na wengine, kwa hiyo acha niwaeleze kidogo sisi ni nani. Mimi ni Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Wewe ulikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Babu zetu walikutana kwenye njia za misafara, wangu wakishuka pwani na mizigo kichwani, wako wakiwapokea, na katika kukutana huko ukazaliwa utani ambao tumeurithi bila kuuomba. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukuvua kofia msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Watoto wetu waliozaliwa huku hawaelewi jambo hili hata uwaeleze vipi. Neema wangu alidhani kwa muda mrefu kwamba mimi na wewe tuna ugomvi, akashangaa kwa nini hauishi na kwa nini tunacheka.

Mimi napakia mizigo kwenye ndege hapo uwanjani. Wewe ulikuwa dereva wa basi la wafanyakazi, lile la kutuchukua kwenye maegesho mpaka kazini. Siku ya kwanza nilipopanda ulisoma jina kwenye kitambulisho changu, ukaniuliza kama ni wa Tabora, nikakubali. Abiria wengine walikuwa wamechoka na kimya. Ukasema kwa sauti ya mnadani kwamba babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka baharini, na mimi nimepanda ndege kuja Ulaya kubeba masanduku, na kwamba ukoo huu haujui kupumzika. Nikakujibu kuwa ukoo wako haujawahi kubeba kitu kizito kuliko ngoma. Ukafunga breki ucheke vizuri. Tangu siku hiyo nilikuwa na mtu London.

Sasa tuje kwenye lile lenyewe.

Unakumbuka kipindi nilichoacha kukaa kwenye basi lako? Viti vitupu, mimi nimesimama nimeshika bomba, nakwambia nanyoosha miguu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na maumivu ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Kwenda chooni kulikuwa kama kupitisha kipande cha chupa. Nikitoka huko, uchungu ulinifuata mpaka kazini na kunikalia nusu siku. Na kulikuwa na damu, nyekundu kabisa, kwenye karatasi na kwenye sinki la choo. Nikaanza kuogopa choo, nikawa najizuia. Nikapunguza kula ili nisiende. Unajua mwenyewe matokeo ya ujanja wa namna hiyo: kilichobaki tumboni kikawa kigumu kuliko mwanzo, na siku ya kwenda nikalipa mara mbili.

Lakini maumivu hayakuwa ndiyo yaliyoninyima usingizi. Baba yangu aliondoka duniani nikiwa kijana mdogo. Mama alikuwa anafua nguo zake peke yake nyuma ya nyumba, hataki msaada wa mtoto yeyote, na sisi tuliambiwa baba ana tumbo. Siku moja niliona maji ya beseni lile. Sikuuliza, maana kwetu hayaulizwi. Baba alikonda, akalala, akaenda zake, na mpaka leo hakuna aliyewahi kutaja ugonjwa wake. Basi nilipoona damu yangu nilijua, au nilidhani najua, kwamba zamu yangu imefika.

Nikaanza kujiandaa kufa kwa siri, kama mtu anayejiandaa kuhama nyumba ya kupanga. Nilimhimiza mdogo wangu kule Tabora amalize paa la nyumba. Nilimfundisha mama Neema kuwasha boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, inapozima, kazi ambayo hakuwa na haja nayo hata kidogo. Alinitazama nikimweleza vitufe, akasema siku hizi nimekuwa mtu wa mafundisho sana.

Nilijaribu kwenda kwa daktari, usiseme sikujaribu. Nilipiga simu asubuhi moja nikiwa ndani ya basi lako hilohilo. Mpokezi akaniuliza nina tatizo gani. Nikatazama huku na huku, nikamwona yule dada wa usafi, nikawaona vijana wa ulinzi, nikakuona wewe kwenye kioo. Nikasema mgongo. Mgongo ni ugonjwa wa heshima, mwanamume anaweza kuutaja popote. Nikaonwa kwa ajili ya mgongo, nikapewa mazoezi ya mgongo, na mama Neema, ambaye akishika jambo haachi, akawa ananilaza kwenye zulia la sebuleni kila jioni na kunisimamia nikiinua miguu. Kisha ananisugua kiuno kwa ile dawa ya kuchua inayowasha. Kiuno changu kilikuwa hakijambo kabisa. Nililala pale nikiwaza kwamba uongo ukishapewa ratiba ya mazoezi, hautoki tena.

Halafu ikaja ile Idi kwako.

Ulitandika mikeka sebule nzima, masinia ya pilau yakapangwa, watu wakakaa chini kwa duara. Bi Zuhura wako alikuwa amepika kana kwamba Kisarawe yote inakuja. Mimi nikakataa kukaa. Nikawa mhudumu. Nilipeleka maji ya kunawa, nikazungusha kachumbari, nikachukua watoto na kuwaweka mahali pao. Wageni wakaanza kunisifu. Mama mmoja kutoka Ilford akasema hivi ndivyo wanaume wanavyopaswa kuwa, Mkristo tena, anawahudumia Waislamu siku yao. Nikaitikia sifa zote nikiwa nimebana meno.

Ukaweka tonge chini. Ukanitazama kwa muda, nami nikajua unalo jambo.

"Msimsifu huyu," ukasema. "Mnyamwezi hasimami kwa adabu. Huyu ana bawasiri."

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Yule mama wa Ilford alipaliwa na pilau. Walicheka kwa sababu ulikuwa utani, na utani hauaminiwi. Kadiri watu wanavyocheka ndivyo wanavyokuwa na hakika kwamba si kweli. Hapo ndipo nilipoona akili yako, mtani. Ulikuwa umelisema mbele ya watu wote jambo nililoshindwa kulisema mbele ya mtu mmoja, na hakuna aliyelisikia. Nilisimama pale na bakuli la kachumbari, na nilihisi kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Neema alikuwa amekaa na kina Bi Zuhura upande wa pili, akanitazama kuanzia usoni mpaka miguuni, kisha akarudi usoni.

Ulinifuata kwenye kibaraza cha nyuma, pale unapowekwa mtungi wa gesi. Nilikuwa nimejiandaa kukutukania ukoo. Wewe ukaanza kuniambia habari zako. Kwamba na wewe uliwahi kuwa nayo, miaka ya mwanzo ya kuendesha basi, kukaa kutwa, kubana haja mpaka mwisho wa zamu, kunywa chai badala ya maji. Kwamba ulinijua tangu siku ile ya simu, maana hujawahi kuona mgonjwa wa mgongo anayekimbia kiti na bado anainua masanduku. Nikakuuliza uliponaje, nikitarajia jina la dawa. Nikakwambia kama ni hiyo yako basi nipe mafuta uliyopaka, yaishe.

Nadhani ndipo nilipokutajia damu, halafu nikakutajia baba. Sijui kwa nini lilitoka. Uso wako ukabadilika, ukaacha utani, na katika miaka yote tuliyojuana hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukuona bila utani hata chembe.

"Ya kwangu ilikuwa bawasiri kwa sababu daktari aliangalia," ukaniambia. "Ya kwako hatujui, si mimi wala si wewe. Damu haipigiwi ramli, Maganga. Nitakupeleka mwenyewe."

Mama Neema alisubiri mpaka tukafika nyumbani. Aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi, na viatu vya Idi bado viko miguuni. Wewe unajua kazi yake, anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, anawageuza, anawasafisha, anawapaka dawa mahali ambapo watoto wao hawathubutu kutazama.

"Kila siku nawaosha watu nisiowajua," akasema, "wananiita kwa jina, hawaoni aibu. Wewe wangu ndiye unayenificha."

Akalia. Nami nikalia, nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa naye pale kwenye ngazi. Ikabidi acheke katikati ya machozi. Kisha akachemsha maji, akayapoza mpaka vuguvugu, akayamimina kwenye beseni pana na kuniamuru nikae ndani yake. Mtani, sijui wakubwa wa dunia hii wanatafuta raha wapi. Maumivu yalilegea kidogokidogo mpaka nikasinzia nikiwa ndani ya beseni.

Ulinipeleka kweli. Uliomba ruhusa kazini, ukaja na gari lako, ukanitandikia mto wa maua wa Bi Zuhura kwenye kiti cha mbele. Daktari akawa binti, rika la Neema. Nilitaka kurudi mgongoni, yaani kusema ule uongo tena. Nikakumbuka umekaa nje na ungeniuliza. Nikamweleza yote, mpaka habari za baba. Hakucheka wala hakukunja uso. Alinilaza ubavu, akaangalia, ikaisha haraka kuliko nilivyotarajia, kisha akanichorea kwenye karatasi. Bawasiri, akasema, ni mishipa ya damu ya sehemu ile iliyovimba, kila mtu anayo mishipa hiyo, na huvimba kwa kujikamua, kwa kukaa sana, kwa kuinua vizito, hata kwa mimba. Ya ndani mara nyingi hutoa damu bila kuuma. Ule uchungu wa kipande cha chupa ulitoka kwingine: nilikuwa pia na mpasuko mdogo kwenye ngozi ya njia yenyewe, uliochanwa na choo kigumu, na kila nilipojizuia nilikuwa nauchana upya. Magonjwa mawili, na mimi nilikuwa nayatibu kwa mazoezi ya mgongo.

Lakini hakuishia hapo. Alisema kwa umri wangu, na damu ile, na habari za baba, lazima watazame utumbo kwa kamera ndogo, wasije wakailaumu bawasiri kwa kosa la mwingine. Unakumbuka siku ile ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo? Mimi niko chooni, wewe unapiga simu kila mara kumuuliza mama Neema msafara umefika wapi. Akakujibu umeshavuka Morogoro. Nilikusikia ukicheka mpaka mle ndani, na mimi, na hofu yangu yote, nikacheka.

Kamera haikukuta kitu. Utumbo safi. Nilipotoka ulikuwa kwenye benchi, na nilipokwambia, ulifunika uso kwa kofia yako iliyoshonwa kwa mkono ukakaa hivyo. Halafu ukasema kwamba Wanyamwezi ni wabahili kiasi cha kunyima hata kamera kitu cha kuona.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kawaida ya kuishi. Zile za ndani wakazifunga kwa mipira midogo, zikanyauka zenyewe. Mpasuko nikapewa marhamu ya kupaka, na nikaambiwa nivumilie wiki kadhaa. Yaliyobaki yalikuwa ya jikoni: maharage, mboga za majani, mapapai ya sokoni Southall, maji mengi, na uji wa shayiri ambao nilikuwa nikiuona ni chakula cha farasi. Kwenda haja inapobisha hodi, si baadaye. Kutokaa huko na simu kusoma habari za Simba na Yanga. Kutoa pumzi ninapoinua sanduku badala ya kuibana. Na wewe ukaniletea kigoda kidogo cha kuwekea miguu chooni, ukasema nyumbani tulichuchumaa na hatukujua kwamba tulikuwa tunajitibu. Mama Neema akasema hata daktari aliandika hivyohivyo kwenye maelekezo. Uliringa kwa kigoda kile mwezi mzima.

Tuliishi miaka mizuri baada ya hapo, mtani. Nilipanda basi lako nikakaa kiti cha mbele kabisa, karibu yako, mpaka ulipostaafu.

Ulipoondoka, uliondoka kwa utaratibu wako, umelala, bila kumsumbua mtu. Hitima ikasomewa Ilford kwa mwanao mkubwa. Baada ya dua na chakula nikajua ni zamu yangu. Mtani akifiwa na mtani halii tu, ana kazi ya kufanya. Nikasimama. Nikaiga mwendo wako, nikaiga jinsi ulivyokuwa ukishika usukani kama unampakata mjukuu, kisha nikawasimulia Idi ile na bawasiri yangu, tangu mwanzo mpaka kwenye kamera. Wajukuu zako wakatazamana. Mmoja akataka kunizuia, kwa Kiingereza, akasema hapa ni msibani. Bi Zuhura akamwambia aniache, huyu ni mtani wake, ana haki. Akacheka, Shomari. Mkeo alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na wanawake waliokuwa naye wakaniambia ndiyo mara ya kwanza tangu akuamshe ukakataa kuamka.

Wakati wa kutoka, kwenye viatu pale mlangoni, mzee mmoja alinishika kiwiko. Simtaji jina, alikuwa jirani wa mwanao, mstaafu, mtu wa heshima zake. Alikuwa na furaha usoni. Akaninong'oneza kwamba na yeye anaona damu, muda mrefu sasa, na alikuwa na hofu, lakini kwa jinsi nilivyoeleza amejua kumbe ni bawasiri tu. Akaniomba jina la ile marhamu.

Nilishtuka, mtani. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu kukuenzi, na kicheko changu kilikuwa kimempa mtu ruhusa ya kukaa nyumbani. Nikamshika mkono, nikamwambia maneno yako ya kibarazani, nikayarudia kama ulivyoyasema. Akasema atafikiria. Nikamwambia sitaki afikirie, nitamfuata mwenyewe. Nikampa mama Neema ufunguo wa gari atangulie, nikakaa na yule mzee mpaka akakubali siku.

Nilimpeleka. Nilikaa kwenye benchi nikajua sasa ulivyokaa wewe. Vipimo vikaenda, kamera ikaenda, na yeye, mtani, haikuwa bawasiri. Walikuta kinyama ndani ya utumbo, cha aina ile ambayo ikiachwa hugeuka kuwa kansa. Wakakitoa chote. Wakamwambia amewahi.

Juzi alikuja hapa na mkewe. Alikaa palepale nilipokaa sasa, akanywa chai. Hakunishukuru mimi. Alisema nimwambie yule mtani wangu asante. Nikamkumbusha kwa upole kwamba umeshatangulia, kwamba ni kwenye hitima yako tulipokutana. Akasema anajua. Akasema nikwambie hivyohivyo.

Basi nimekwambia. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema, Shomari.

Anasema asante.

Mtani wako wa Tabora,
Maganga